Kadi Niliyomwandikia Mbega

Nasra, siku ile ya kuniaga uliniuliza swali mbele ya watu, nami nikacheka badala ya kujibu. Uliuliza kama mkaguzi wa sanamu za kukusanywa anaweza kuaminika kwamba hana upande. Nilicheka kwa sababu keki ilikuwa inasubiri na mwenyekiti alikuwa ameshashika kisu. Sasa nimekaa nyumbani Munje wiki ya tatu, kuku wamenizoea, na nina wasaa wa kukujibu wewe na wenzako mnaobaki kwenye ile meza. Jibu lenyewe ni refu. Nivumilieni, maana na mimi niliwavumilia.

Mambo ya vyeo sitayagusa. Katika kazi yetu cheo ni kimoja, na kiti chake ni kile kile chenye mguu uliofungwa waya. Nitaeleza kazi.

Nilipofika Ukunda kuiomba, sikujua hata jina lake. Ushirika wa wachongaji ulikuwa umeanza kutengeneza sanamu ndogo za wanyama, za urefu wa kiganja, na watu wa mbali walikuwa wamezipenda. Wengine walikuwa Nairobi, wengine Ulaya, na walizipanga kabatini mwaka baada ya mwaka. Kwa kuwa hawakuweza kufika Diani kuzishika kwa mikono yao, walitaka mtu azitazame kwa niaba yao na kuandika kadi ya ukweli: sanamu hii ina uzuri gani, ina kosa gani, inafaa au haifai. Iliyofaa ilipewa namba na kadi, ikafungwa kwa safari. Isiyofaa ilipelekwa meza ya pembeni, bila namba, nakala ya kadi imefungwa kwa uzi, ikauziwa mtalii yeyote anayepita na kofia yake.

Tulioitwa siku ile tulikuwa wanne. Mwenyekiti, Bwana Mwendwa, alitupangia sanamu kumi juu ya meza akamuuliza kila mmoja wetu angependa kwenda nyumbani na ipi. Wa kwanza alichagua kifaru. Wa pili alichagua twiga. Wa tatu alichagua mbili, akaomba radhi. Zamu yangu ilipofika nilisema sichukui hata moja.

"Hazikupendezi?" akaniuliza.

"Zinapendeza sana. Lakini naishi na mama yangu, na mama haingizi sanamu ya kiumbe ndani ya nyumba anamoswali. Anasema malaika hawaingii."

"Hata ukipewa bure?"

"Hata ukinilipa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia, "Keti hapo. Natafuta mtu asiyezitaka."

Ndivyo nilivyopata kazi, kwa sababu ya mama. Nilipomweleza, hakufurahi mara moja. Aliniuliza kama mshahara wa namna hiyo ni halali. Nikamwambia nitalipwa kwa kutafuta makosa, akatulia, maana alisema nyumbani nilikuwa nikifanya hivyo bure. Mpaka leo, sanamu zote nilizozishika, hakuna hata moja iliyovuka kizingiti changu, na hilo naliona fahari. Wakusanyaji walipolijua waliziamini kadi zangu zaidi. Mimi pia nilijiamini. Nilidhani upande wa mkaguzi ni tamaa tu, na tamaa sikuwa nayo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kioo cha kukuzia. Karai la maji, kwa sababu mpingo wa kweli huzama na mti mwingine huelea. Kitambaa cheupe chenye unyevu, ambacho kiliwapa wachongaji jina la kunitania, Bi Kitambaa. Yupo mmoja aliyeniletea ngiri mweusi wa kung'aa, kanenepa, anapendeza. Nilimpangusa mgongo mara moja na kitambaa kikatoka na rangi ya viatu. Nilimpangusa tena, na ngiri akaanza kuwa hudhurungi machoni petu sote. Mwenyewe alisimama pale akisema labda ni jasho.

Lakini kifaa kikubwa kilikuwa lile sinia la mchanga. Wageni huuliza lina kazi gani, nanyi mjue kuwajibu vizuri. Kila mchongaji ana alama yake, huichora chini ya nyayo za sanamu. Kabla mkaguzi hajaingia, mtunza stoo huzisimamisha sanamu zote ndani ya mchanga mpaka vifundoni, ili alama isionekane. Mkaguzi haruhusiwi kuichomoa sanamu kabla ya kumaliza kuandika. Kwa hiyo karai na kitambaa ni vya mwisho, baada ya hukumu ya umbo. Na hukumu ya umbo ikishaandikwa haifutwi. Desturi hii niliikuta, na ni nzuri, nami nimeilinda hata siku ambazo mchanga ulikuwa umejaa sungusungu.

Aliyeianzisha alikuwa Mzee Kilonzo, mwalimu wangu. Alikuwa Mkamba wa Kinango, mkubwa kuliko wachongaji wote, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kabisa kwa jinsi alivyokaa nasi. Wiki zangu za mwanzo alikuwa akija mezani wakati wa chai na kunifundisha bila kuonekana anafundisha. Alinionyesha kwamba mti uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka baadaye, na kwamba ufa huanzia mahali pembamba, mguuni au shingoni. Alinifundisha kutazama sanamu kutoka nyuma kwanza, kwa sababu mchongaji mvivu hujua mnunuzi atatazama mbele.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "mimi nikileta kibovu, nitupe meza ya pembeni kama wengine."

"Nitathubutu vipi, Mzee?"

"Utathubutu. Usipothubutu, mimi nitajuaje kama bado najua kazi?"

Nilimtupa mara mbili mwaka ule wa kwanza. Mara zote mbili alisoma kadi, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye gogo lake. Nilijivuna wiki nzima. Nilimsimulia mama, naye akaniuliza kama mtu mzima yule nilimwamkia kwanza.

Wachongaji walijaribu kunilainisha, lakini msiwafikirie vibaya; ilikuwa ukarimu uliopotea njia. Hakuna aliyenipa bahasha. Walileta mahamri. Walileta viazi vya karai, na siku ya sikukuu mmoja alimtuma mkewe na wali wa nazi na samaki wa kupaka, sufuria nzima. Nilikula, kwa kuwa kukirudisha chakula ni kumtukana mpishi, na saa nane nikaikataa sanamu ya mumewe kwa sababu tembo alikuwa na vidole sita. Baada ya hapo niliweka sharti kwamba siku ya kukagua hakuna anayenilisha. Walilalamika kuliko nilivyolalamika mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na njaa.

Kuna jambo moja sikuwahi kuwaambia, nanyi mnaoikalia meza ile mtakuwa mmeshaligundua. Mchanga huficha alama, hauufichi mkono. Ilipofika mwaka wa pili nilikuwa nikiwajua wote. Huyu huchonga masikio mazito. Huyu wanyama wake wote wana uso wa kuudhika, kama yeye mwenyewe. Mzee Kilonzo alikuwa akiacha mkato mmoja mwembamba wa patasi nyuma ya sikio, mkato usio na kazi yoyote, na kila nilipouona nilitabasamu. Nilijiambia kwamba kujua si kosa, kosa ni kupendelea, na kwamba mimi sipendelei. Niliishi na maneno hayo miaka mingi.

Kisha wakaja watu wa video.

Nyinyi mnamjua Brayo. Alishuka kutoka Nairobi, akapanga chumba Ukunda, na kazi yake ilikuwa kushika sanamu mbele ya simu na kuzisifu. Maduka yalimpa sanamu bure, hoteli moja ya kule Chale ilimlaza bure, na yeye aliviona vyote kuwa vya ajabu. Kiboko, ajabu. Kobe, ajabu. Watu wengi zaidi walimtazama kuliko waliosoma kadi zangu, na hilo, nitasema kweli, liliniuma. Siku alipoingia dukani kwetu nilimkaribisha kwa maneno.

"Hujambo. Wewe ndiye unayesifia kila unachopewa?"

"Aii, mathe, si kila kitu. Lakini mimi husema nimepewa. Ukicheki mwanzo wa video, naweka wazi."

"Ukisema umenunuliwa, ndiyo hukununuliwa?"

"Angalau wanajua bei yangu," akasema, akacheka. "Wewe je, hakuna mtu unampenda hapa ndani?"

Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna sanamu hata moja. Nilikisema kisa changu chote, cha mama na malaika na mwenyekiti na miwani yake. Alinisikiliza kwa adabu. Aliniambia ni hadithi kali sana na angependa kuirekodi. Nikakataa, nikarudi mezani na kichwa juu.

Mwaka ule ule macho ya Mzee Kilonzo yalianza kuingia ukungu. Alikuwa akichonga kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na alichukua wiki sita kwa kazi ya wiki mbili. Alisema wazi mbele ya wenzake, "Jicho langu silitegemei tena. Nategemea kadi ya Bi Mejumaa. Siku atakayonikataa kwa umbo, nitajua mkono nao umekwisha, nami nitaweka tezo chini." Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Katika mkutano uliofuata alisimama Mutua, mchongaji hodari, mwenye ulimi wa moto. Twiga wake watatu nilikuwa nimewakataa mfululizo, kwa haki kabisa, walikuwa na shingo za mbuni.

"Huu mchanga ni wa kutuchezea shere," alisema. "Bi Mejumaa anamjua Kilonzo hata akifumba macho. Mzee haoni, anapapasa, na kazi zake bado zinapita. Sisi tunaoona tunatupwa pembeni. Hebu mtuambie, huo ndio ukaguzi?"

Mwenyekiti alimtuliza. Hakuna aliyemuunga mkono, ila hakuna aliyempinga pia, na ule ukimya ndio ulioniingia. Nilitazama nyuso za watu niliokuwa nao miaka yote ile nikaona kwamba walikuwa wamelifikiria jambo hilo kabla yake.

Siku ya kukagua ikafika, siku tatu baadaye. Mchangani zilikuwa sanamu tisa, na ya tano ilikuwa mbega.

Mmewaona mbega wakivuka barabara Diani, wale wenye nywele nyeupe mabegani. Huyu alikuwa jike, amekaa juu ya kisiki, mkia wake mrefu umening'inia nyuma mpaka chini. Mpingo, kama mnavyojua, una moyo mweusi na ganda jeupe kwa nje, na wachongaji wengi hulikwangua lile jeupe wakalitupa. Huyu aliyechonga alikuwa ameligeuza gogo mpaka jeupe likaangukia pale pale kwenye mabega. Na kifuani mwa mama alikuwapo mtoto, mweupe mwili mzima, kwa kuwa watoto wa mbega huzaliwa weupe. Mti mmoja, bila rangi, bila gundi. Sijapata kuona kazi kama ile kabla yake wala baada yake. Nyuma ya sikio kulikuwa na ule mkato mwembamba.

Nilikaa nayo muda mrefu. Niliitazama kutoka nyuma, nikaitazama kutoka ubavuni. Nilikuwa natafuta kosa, lakini si kwa namna ninavyolitafuta siku zote. Siku zote natafuta ili nijue kama lipo. Siku ile nilitafuta nikiomba liwepo. Nikaandika: "Mkia mzito kuliko mwili. Inaelekea kuanguka nyuma. Haifai."

Mbega alikuwa amesimama wima kwenye mchanga, ule mchanga laini usioweza kushika kitu kinachoelemea upande. Niliandika hivyo huku namwona amesimama.

Mkinisoma mtasema ulikuwa udhaifu wa dakika moja. Haukuwa. Kwa siku mbili baada ya pale nilijisikia safi. Mutua alinisalimia kwa heshima. Watu walinitazama upya, nami nikajiona mkaguzi kweli kweli, mtu anayeweza kumwangusha hata mwalimu wake. Ukitaka kujua kiburi kinavyoweza kuvaa kanzu ya uadilifu, ni hapo.

Mzee Kilonzo alikuja kuchukua kadi yake mwenyewe. Aliisogeza karibu kabisa na jicho, akaisoma neno kwa neno.

"Inaanguka?" akauliza.

"Inaelekea, Mzee."

"Mimi niliiona imesimama."

"Mimi niliona inaelekea nyuma."

Akaikunja kadi mara mbili akaitia mfuko wa shati. "Basi ni macho yangu," akasema. "Ahsante, mwanangu. Wengine wangenificha."

Jumatatu yake hakuja. Tezo lake na patasi zake zote, na zilikuwa zimetengenezwa kwa kipimo cha mkono wake, alikuwa amemwachia Mutua, akarudi Kinango kwa watu wake. Mutua mwenyewe alizipokea kwa aibu, kwa kuwa alikuwa na ulimi wa moto lakini moyo hakuwa nao mbaya. Mimi nilijiambia kwamba mzee ameshachoka, apumzike. Nikaendelea kukagua.

Yule mbega alikaa meza ya pembeni kati ya mbuni na kifaru aliyevunjika pembe. Wiki haikuisha, Brayo akapita akamnunua.

Wewe ndiye, Nasra, uliyenionyesha ile video. Ulikuwa mgeni kazini, hata Mzee Kilonzo hukuwahi kumwona, na uliniletea simu kwa nia njema tu, ukaniambia, "Bi Mejumaa, njoo uone, kadi yako imetajwa." Nikamwona Brayo amekaa chumbani kwake. Alianza kwa kusema, "Hii sikupewa. Nimebuy na pesa yangu, kwa hivyo leo sina mtu wa kumfurahisha." Akamweka mbega mezani. Akaigonga meza, mbega hakuyumba. Akawasha feni, akaipandisha mpaka ya tatu, nywele zake mwenyewe zikapeperuka, mbega ametulia na mtoto wake kifuani. Kisha akamgeuza geuza mbele ya simu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akisema neno ajabu. Alisema polepole, "Wameandika mkia ni mzito. Mimi sijui mbao kama yule mathe. Lakini hii haianguki. Sijui aliona nini."

Nilikurudishia simu nikaenda kukaa nyuma ya stoo, penye vumbi la msasa. Nilikuwa nimeona nini? Sikuona mti hata kidogo. Niliona uso wa Mutua na nyuso za mkutano. Kijana niliyemwita mtu wa kununuliwa alikuwa ametazama sanamu, na mimi nisiyenunulika nilikuwa nimetazama watu. Na kule Kinango kulikuwa na mzee aliyekaa na mikono mapajani kwa sababu aliniamini. Angekuwa ameniamini kidogo tu, angebishana nami, angenitukana, angeendelea kuchonga. Nililia pale, na sioni haya kuwaambia.

Alasiri ile nilimwomba mwenyekiti awaite wachongaji. Nikasimama. Nilisema kwamba ninawajua wote kwa mikono yao, tangu mwaka wa pili, mchanga au bila mchanga. Kukawa na minong'ono. Nikasema kwamba mbega wa Mzee Kilonzo hakuwa na kosa nililoandika, kwamba nilimkataa ili wao waseme sina upende— niliutafuna ulimi hapo kwa machozi, nikarudia— ili waseme sina upande.

Mutua akainuka. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekutia woga?"

"La. Woga ulikuwa wangu tangu zamani. Wewe uliupigia hodi tu."

Alitoka nje. Nilidhani amekasirika. Akarudi na furushi la kitambaa, tezo na patasi ndani yake, akaniwekea mezani. "Nilizijaribu mara moja tu," alisema. "Zimezoea mkono wake, kwangu zinakwenda upande."

Nikampigia Brayo nikamwomba mbega. Alikuja naye amemfunga ndani ya fulana.

"Chukua tu, mathe, nimekupatia."

"Sichukui bure."

"Si ulisema wa kupewa bure wamenunuliwa?" Alicheka, lakini kwa upole. "Basi nakuazima. Rudisha ukimaliza, huyu nampenda."

Nilifika Kinango siku ya mnada wa mifugo, vumbi tupu, mitungi ya maji imepangwa foleni ndefu kwenye bomba lisilotoa kitu. Mzee Kilonzo nilimkuta uani kwake akipukuchua mahindi. Aliijua sauti yangu kabla sijafika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mbali. Maji hatuna, lakini chai itapatikana."

Sikungoja chai. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: Mutua, mkutano, jinsi nilivyomwona mbega amesimama huku mkono wangu ukiandika kwamba anaanguka. Kisha nikamtolea kadi mpya. Nilikuwa nimeiandika kwa uangalifu sana, nikasifu kila kilichostahili kusifiwa. Nilimsomea.

Vidole vyake viliendelea na hindi lile mpaka likaisha.

"Kadi ya kwanza niliiamini," akasema. "Hii ya pili nitajuaje kama si huruma?"

Miaka yote niliyofanya kazi, hilo ndilo swali lililonishinda. Nilikuwa na maneno mengi njiani, na yote yalikuwa ya kumwomba aniamini tena. Nikaona kwamba hiyo ndiyo haki niliyoipoteza, na haiombwi. Nikasema, "Hutajua, Mzee. Si kwangu mimi." Nikamwekea mbega mikononi.

Alimweka kwanza juu ya kinu kilichopinduliwa, akaachia mikono, akasikiliza. Akamsukuma kwa kidole. Akamsukuma tena kwa nguvu, mbega akarudi mahali pake. Uso wa mzee ulianza kubadilika. Akamchukua, akapitisha kidole kwenye mkia, kwenye kila pingili ya mgongo, mabegani, kwa yule mtoto. Hapo akasimama. Akarudia.

"Chini ya kwapa la mtoto," akasema. "Patasi iliteleza. Pana mkwaruzo. Hukuuona?"

Nikatazama kwa kioo. Ulikuwapo, mwembamba kama unywele.

"Sikuuona, Mzee."

"Andika."

Niliandika pale pale, nimekaa chini penye maganda ya mahindi. Na juu kabisa ya kadi, kabla ya neno lolote, niliongeza mstari ambao haukuwahi kuwapo katika kadi zetu: "Aliyechonga ni mwalimu wangu, nami nilipata kumkosea." Nilimsomea. Alisema huo ndio mwanzo mzuri, wasomaji wajue ninaandika nikiwa nimesimama upande gani. Kisha akacheka kicheko kidogo cha koo, akanyoosha mkono kuniomba furushi la patasi, ambalo sikuwa nimemtajia. Alikuwa amelisikia likigongana.

"Nitachonga," akasema. "Lakini wewe usinikague tena."

Iliniuma, nami nilikubali, kwa sababu alisema kweli. Basi hilo ndilo jibu langu, Nasra. Mkaguzi wa sanamu ana upande, kama huyu wa simu na kama mimi wa mchanga. Anayeaminika ni yule anayekuonyesha upande wake mapema, na anayejua siku ya kunyanyuka kwenye kiti. Ile desturi ya mstari wa juu, mchongaji huyu ni nani kwangu, mmeikuta ikiwa ya kawaida na huenda mnaiona ya kuchosha. Wakusanyaji wamenipongeza kwa mengi, lakini nikitaka kujisifu mbele ya wajukuu nitajisifu kwa mstari ule. Na yule mbega nilimrudisha kwa Brayo na kadi yake na namba yake. Alitengeneza video nyingine, akausoma mkwaruzo wote, hakuuficha.

Miezi minne baadaye kikaja kifurushi kutoka Kinango, ndani yake digidigi. Nilimjua kabla mtunza stoo hajamtia mchangani. Nikakwambia, "Huyu ni wako," nikatoka nje nikaenda kununua dafu ng'ambo ya barabara. Nilikunywa polepole sana. Niliporudi kadi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wako ulionyooka: "Ufa mguu wa nyuma, karibu na goti, umezibwa kwa nta. Haifai."

Nasra, hujui nilivyotaka kusema neno. Nilishika ukingo wa meza. Nilimfikiria mzee yule na ukungu wake machoni, na patasi zilizokwisha kuachwa mara moja. Kisha nikaitia kadi ndani ya bahasha nikaituma kama ilivyo.

Alipiga simu Jumamosi. Alikuwa amesomewa.

"Nani ameandika hii?"

"Binti mmoja, Nasra."

"Ananijua?"

"Hakujui, Mzee. Hajawahi kukuona."

Nikasikia mbuzi wakipita kwake. "Ufa upo," akasema. "Mti ulikuwa na unyevu bado, nikaharakisha. Nta ile niliipaka mwenyewe, nikidhani hakuna atakayeiona." Akaanza kucheka, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu wiki zangu za mwanzo kazini. "Mwambie nimekubali. Mwambie nina gogo jingine, kavu, naanza leo."

Nilikuja mezani kukupa salamu zile. Ulikuwa umeinamia sanamu nyingine, kioo jichoni. Hukuniuliza Kilonzo ni nani, wala ni nani kwangu. Uliuliza tu hilo gogo jingine litafika lini.